Somo la Gololi: Maji ya Mto Ruaha na Elimu ya Kugawana



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya miche, uanikaji na bei ya karafuu. Leo twapenda kuvuka bahari twende Mbeya na Iringa, kwani huko liko somo linalomfaa kila mwenye shamba.

Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji yake katika milima ya Uporoto na Kipengere. Hushuka katika uwanda wa Usangu, mkoani Mbeya, ambako wakulima huyaingiza maji kwa mifereji katika mashamba ya mpunga. Yanayobaki huingia kinamasi cha Ihefu, hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha upande wa Iringa, kisha hufika mabwawa ya Mtera na Kidatu, panapofuliwa umeme. Nasi wa visiwani tumo katika habari hii, maana Unguja hupata umeme wa bara kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980, na Pemba tangu mwaka 2010.

Kuanzia mwaka 1993 mto huo ulikuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Viboko walibanana katika vidimbwi vilivyosalia. Mkulima alimlaumu mfugaji, na mfugaji akamlaumu mkulima. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba sababu moja kubwa ni mifereji iliyoendelea kuchota maji hata kiangazi, na mengi yakipotea bure. Aliye juu hakuwa na nia mbaya. Alikuwa haoni yanayompata aliye chini.

Mtu wa namna hiyo afundishwe vipi? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao kutoka Uingereza waliwaletea wakulima wa Usangu mchezo. Ni ubao mkubwa ulioinamishwa, wenye mto na mifereji yake. Gololi ndizo maji. Kila mchezaji huweka kijiti mtoni kiwe banio lake, na shamba lake ni vishimo vinavyotakiwa kujazwa gololi.

Kwanza kila mtu hujichotea apendavyo. Wa juu hujaza vishimo vyake, na wa chini huambulia patupu. Kisha huulizwa: tufanyeje ili wote tupate? Hapo watu wa vijiji vya juu na vya chini huanza kuyazungumza ya mto wao wa kweli: zamu, mabanio na maji yanayopotea.

Hatusemi kwamba ubao uliuponya mto. Shida ya Ruaha ni kubwa kuliko hivyo. Lakini twajifunza mambo matatu:

1. Mtu hushika zaidi analoliona kwa macho na kulitenda kwa mikono kuliko analohubiriwa.

2. Mwenye kufundishwa akae mahali pa mwenziwe. Wa juu aonje ukavu wa chini.

3. Wanaogombana wafundishwe pamoja. Ukimfundisha mmoja peke yake, umempa hoja ya kumshinda mwenziwe.

Basi tutazame kwetu. Pemba mikarafuu yetu imesimama vilimani, na mpunga uko mabondeni. Mwenye kilima akiliacha shamba lake tupu bila majani, mvua ya masika huuchukua udongo na kuuteremsha kwa jirani. Naye hupata hasara mara mbili, kwani udongo huo ndio chakula cha mikarafuu yake.

Yafaa kila mwanachama, mvua kubwa ikiisha, awachukue watoto wake wafuate njia ya maji toka kilimani hadi bondeni. Awaulize maji yamechukua nini, na yamekwenda kwa nani. Na katika mikutano ya matawi tuwaalike wenye mabonde wakae nasi. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.