Nimpe nani watoto wa mbwa?

*Daktari, niliokota mbwa jike hapa Kiseke, sasa amezaa. Kila anayekuja kuomba mtoto namhoji hadi ananuna. Je, nimezidisha? Mama J., Mwanza*

Hujazidisha, mama, ila punguza maswali. Mshahara wa mtu achana nao. Hata mpangaji wa chumba kimoja hufuga vizuri, mradi mwenye nyumba ameridhia. Uliza mbwa atalala wapi, atakula nini, nani atampeleka kuchanjwa. Kisha fika kwake: ukikuta mbwa mwingine kafungwa juani bila maji, geuza. Usiwatoe kabla ya wiki nane. Wakifikisha miezi mitatu, wachanjwe kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Muone ofisa mifugo wa kata. Mtu aking'atwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, muende hospitali siku hiyohiyo.