SOMO NI MOJA, WANAFUNZI NI MBALIMBALI



Mwalimu akimaliza kueleza, anauliza: «Mulisikia?» Sisi wote tunajibu: «Ndiyo, mwalimu!» Jibu hilo halionyeshe kitu. Kati yetu kuna aliyesikia yote, aliyesikia nusu, na anayenyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Na mwenye kunyamaza kila siku, mwisho anaweza kuacha masomo. Basi tujifunze namna gani somo moja linaweza kufikia watu wote.

I. TUTAFUTE KIZUIZI KWANZA

Tuseme ku tablo kuna hesabu ya kwetu watu wa migodi: tani moja ya mawe iko na shaba 4 kwa 100. Shaba ni kilo ngapi? Wanafunzi watatu wanashindwa, lakini kila mtu na sababu yake.

1. Wa kwanza anajua hesabu, ila neno «teneur» linamushinda. Umwambie kwa Kiswahili: ni kipimo cha shaba iliyo ndani ya mawe. Kiisha arudilie mwenyewe kwa Kifaransa.

2. Wa pili anasoma Kifaransa muzuri, lakini hajui maana ya «4 kwa 100». Umupatie kunde 100, atenge 4. Tani ni kilo 1000, ni kusema mafungu 10 ya kilo 100. Kila fungu linatoa 4; yote ni kilo 40.

3. Wa tatu anaikala nyuma, haone tablo. Huyu anahitaji kiti cha mbele tu. Hata ukimueleza mara kumi, ni kazi bure.

II. NJIA INABADILIKA, MWISHO HAPANA

Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya luga ine za taifa. Lakini Examen d'État tunaandika kwa Kifaransa. Kwa hiyo Kiswahili kitusaidie kuvuka, kisitufanye tubaki ngambo hii. Vilevile, kumupa mwenye kuchelewa kazi nyepesi mwaka muzima ni kumudanganya. Siku ya mutihani atapata maulizo sawa na wenzake.

III. KELASI IKIJAA TUFANYE NINI?

Tangu 2019 masomo ya msingi ya serkali ni bure, na watoto wengi waliingia. Mwalimu mumoja hawezi kupitia kila benchi. Lakini hii inawezekana:

a) Dakika tano za mwisho, kila mtu aandike jibu moja ku kipande cha karatasi. Mwalimu atayagawa mafungu matatu: waliosikia, waliosikia nusu, waliopotea.

b) Kesho yake, aliyesikia aikale karibu na aliyesikia nusu. Asimupe jibu, amuulize: «Ulifikia wapi?»

c) Mwalimu mwenyewe aende kwa waliopotea.

d) Wenye mbio wapewe hesabu ngumu zaidi. Wao vilevile walikuja kujifunza, si kusaidia wengine tu.

Sisi wanafunzi tuko na sehemu yetu: tusicheke anayeuliza. Kicheko kimoja kinafunga vinywa vingi.

ZOEZI. Tani 25 za mawe, shaba 3 kwa 100. Tafuta kilo za shaba, kiisha eleza mwenzako kwa luga mbili. (Jibu: kilo 750.)

Kapita wa wanafunzi, kelasi ya mwisho