Kikombe cha Mtoto Kabla ya Dumu la Kuuza



Kila asubuhi unapokamua, ndama humsahau. Unamwachia chuchu moja, au unamrudisha kwa mama yake amalizie. Unafanya hivyo kwa sababu unajua kwamba ndama aliyenyimwa maziwa hudumaa, na mtamba aliyedumaa huchelewa kuzaa. Somo hili linauliza swali moja: na mtoto wako, ameachiwa nini?

Katika kaya nyingi za wafugaji, kuanzia Kilindi na Handeni hadi Mkinga, maziwa ya asubuhi ndiyo yanayoleta fedha. Mnunuzi hufika mapema na pikipiki, au madumu hupelekwa kituo cha kukusanyia maziwa, na mengine huishia kiwandani jijini Tanga. Hilo ni jambo jema. Fedha hiyo hununua unga, dawa ya kuogesha na madaftari. Lakini dumu likishaondoka, mara nyingi mtoto hubaki na chai ya rangi yenye sukari nyingi, na andazi likiwepo. Ikifika saa nne ameshaona njaa. Wa shule anasinzia darasani. Wa machungani anaacha mifugo na kutafuta matunda pori, na huku mbuzi wameingia shamba la jirani.

Kwa nini chai ya rangi haikai tumboni?

Sukari na andazi la unga mweupe husagwa upesi. Mtoto huchangamka kwa muda mfupi, kisha njaa hurudi. Protini na mafuta, kama vile ya maziwa, yai, maharage au karanga, hutoka tumboni polepole, kwa hiyo shibe hudumu. Nafaka isiyokobolewa, kama dona, nayo hukaa zaidi kuliko sembe.

Kikombe kimoja cha maziwa, yaani robo lita, kina takriban gramu 8 za protini. Yai moja lina takriban gramu 6. Chai ya rangi haina protini ya kumsaidia mtoto, hata ukiweka vijiko vinne vya sukari.

Uji mwepesi nao hudanganya. Unawajua ng'ombe wanaokula majani machanga baada ya mvua za kwanza: tumbo limejaa, kinyesi ni maji, na mnyama hanenepi. Majani yale ni maji mengi. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza uji wa maji, hakuna nafasi ya chakula chenye nguvu. Uji mzuri ni mzito: ukiinamisha kijiko, hauchuruziki kama maji.

Nini cha kumpa asubuhi?

Chagua kimojawapo kulingana na kilichopo nyumbani:

1. Uji mzito wa dona, mtama au ulezi uliopikwa kwa maziwa.
2. Kiporo cha ugali kilichopashwa moto vizuri, pamoja na kikombe cha maziwa au mtindi.
3. Muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha, pamoja na maharage au kunde za jana zilizochemshwa tena.
4. Uji wenye vijiko viwili vya karanga zilizosagwa, pamoja na yai likipatikana.

Chai isikatazwe, lakini isiwe ndiyo chakula. Majani ya chai hupunguza madini ya chuma ambayo mwili hupata kutoka kwenye maharage, mboga na nafaka. Ni afadhali mtoto anywe chai saa moja au zaidi baada ya kula.

Hesabu ya dumu

Lita moja ni vikombe vinne. Kaya yenye watoto wanne inahitaji lita moja tu asubuhi. Ukikamua lita sita, unauza tano. Pima lita ya watoto kwanza, iweke kwenye sufuria, ndipo ujaze dumu. Ukisema utawapa kitakachobaki, hakitabaki. Baba na mama wakubaliane mapema juu ya lita hiyo, ili anayekamua asilaumiwe mnunuzi akikuta dumu limepungua.

Maziwa yawe salama

Chemsha maziwa ya watoto mpaka yatokote, huku ukikoroga. Maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba, ambao kwa binadamu huleta homa za mara kwa mara na maumivu ya viungo, na pia kifua kikuu cha ng'ombe. Kufukiza kibuyu kwa moshi kunaleta harufu nzuri, lakini hakuwezi kuchukua nafasi ya moto. Ukitaka mtindi, chemsha kwanza, poza, ndipo ugandishe.

Ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa, maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku alizoelekeza afisa mifugo ziishe. Kuchemsha hakuondoi dawa.

Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe. Sumu ya ukungu huo haiishi kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Tahadhari kwa watoto wadogo

Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee. Kuanzia miezi 6 aanze uji mzito na vyakula laini, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2. Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yanaweza kutiwa ndani ya uji wake, lakini yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya kutimiza mwaka 1.

Aliyekwisha kutimiza mwaka, vikombe viwili kwa siku vinatosha. Anayeshinda akinywa maziwa hukosa hamu ya kula, na maziwa yana madini ya chuma kidogo sana. Ampate pia maharage, mboga za majani, na nyama ikiwepo.

Wakati wa kiangazi

Maziwa hupungua kuanzia Julai hadi mvua za vuli. Jiandae mapema: weka akiba ya kunde, maharage na karanga zilizokauka vizuri, na fuga kuku wa mayai ya nyumbani. Mbuzi wachache wanaonyonyesha wanaweza kukamuliwa kwa ajili ya watoto, mradi wana wao waachiwe sehemu yao.

Jaribu mwenyewe

Kwa siku tatu angalia mtoto anaomba chakula saa ngapi baada ya chai yake ya kawaida. Siku tatu zinazofuata mpe uji mzito wa maziwa, uangalie tena. Wewe huangalia kinyesi, manyoya na kiwele kujua kama malisho yanafaa. Mtoto naye ana dalili zake, na saa ya njaa ni mojawapo.

Mtoto akikosa hamu ya kula kwa siku kadhaa, akikonda au kuvimba miguu, usingoje: mpeleke kituo cha afya. Kwa maswali ya maziwa na mifugo, muone afisa mifugo wa kata yako.

Kumbuka: chuchu ya ndama, kikombe cha mtoto, kisha dumu la mnunuzi.