Meno ya Mbwa na Paka: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Dawa
Mbwa aliyekomaa ana meno 42, na paka ana 30. Mabaki ya chakula hufanya ukoga, ambao madini ya mate huugeuza kuwa mgumu kama jiwe. Fizi huvimba na jino hulegea. Mfugaji wa Mitole anayemtegemea mbwa kulinda shamba dhidi ya ngedere azingatie dalili hizi: harufu mbaya ya kinywa, kutafuna kwa upande mmoja na kuacha chakula.

Tumia mswaki laini na maji safi. Baadhi ya dawa za meno za binadamu zina zailitoli, ambayo ni sumu kwa mbwa. Paka asipewe parasetamoli. Kidonge kimoja chaweza kumuua.

Tahadhari: mnyama anayetoa udenda na kushindwa kumeza asichunguzwe kinywa kwa mkono, kwani huenda ana kichaa cha mbwa. Mwarifu ofisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Unaponunua dawa ya mifugo, kagua lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na udai risiti.