Kutazama matumbawe kwa mrija: Mafunzo kwa anayeanza

Zinapofika sikukuu za Idi na likizo za shule, familia nyingi za mwambao huelekea ufukweni. Vijana wengi hupenda kuelea kifudifudi wakitazama samaki na matumbawe kwa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia. Ni mchezo wa halali, na ndani yake mna mazingatio juu ya uumbaji wa Allah (S.W.).

Wapo wasemao kuwa aliyekufa maji ni shahidi. Ni kweli, hilo limekuja katika hadithi sahihi. Lakini hiyo ni rehema kwa aliyefikwa na msiba, si ruhusa ya uzembe. Katika Surat al-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Basi tujifunze kabla ya kuingia.

Kwanza, vifaa. Weka miwani usoni bila kufunga mkanda, kisha vuta pumzi kwa pua. Ikiganda, inakufaa. Masharubu marefu huruhusu maji kupenya, hivyo mwenye kufuata Sunna ya kuyapunguza hana tatizo hapo. Ndevu za kidevuni hazizuii kitu. Dada anayevaa ushungi ahakikishe nguo wala nywele hazikai kati ya mpira wa miwani na ngozi. Usirefushe mrija kwa kuunga mpira wa bomba: utavuta tena hewa chafu uliyoitoa, na kifua kitashindwa kupambana na uzito wa maji.

Pili, mavazi. Baibui na kanzu hunyonya maji na kuzonga miguu. Tumia vazi la kuogelea lenye kusitiri mwili, la kitambaa chepesi kisichonyonya maji. Litakukinga pia na jua kali mgongoni. Kina dada wachague mahali na wakati wa faragha.

Tatu, wakati. Sisi tunaofuata mwezi mwandamo tuna kalenda ya bahari mikononi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua. Katika maeneo ya Zanzibar na Dar es Salaam, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati huo hufikia karibu mita 4, na maji yanayotoka kupitia milango ya mwamba huweza kumbeba hata muogeleaji hodari. Anayeanza achague maji mafu, takriban tarehe 8 au 9 na 23 au 24 za mwezi mwandamo, siku isiyo na upepo, na abaki upande wa ndani wa mwamba. Awaulize kwanza wavuvi wa hapo.

Nne, mazoezi. Anzia maji ya kiunoni. Inamisha uso na upumue polepole kwa mdomo mpaka moyo utulie. Maji yakiingia kwenye mrija, puliza kwa nguvu mara moja. Usiyejua kuogelea vizuri, vaa jaketi la kuokolea maisha. Usiende peke yako kamwe. Mmoja abaki juu akikutazama. Usivute pumzi nyingi za harakaharaka ili ukazame muda mrefu. Kufanya hivyo hupunguza hewa ya ukaa mwilini, ambayo ndiyo inayouambia ubongo kwamba pumzi inahitajika. Mtu huzimia chini ya maji bila dalili yoyote. Wala usisimame juu ya matumbawe: yanakata, nayo ni viumbe hai vinavyokua polepole.

Tano, usafi. Mrija huingia mdomoni, kwa hiyo usipokezane na mwenzako kabla ya kuuosha kwa sabuni na maji baridi yasiyo na chumvi. Baada ya kuoga, kausha masikio. Jeraha la matumbawe lisafishwe vizuri siku hiyohiyo.

Mwenzenu akizidiwa, msimrukie ovyo. Mtu anayezama humng'ang'ania mwokozi wakazama wote. Mrushieni kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko. Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Anayejua ampulizie pumzi mdomoni na kumkandamiza kifua mfululizo, huku wengine wakitafuta usafiri wa kumfikisha hospitali.

Wazazi, bahari ni neema. Tuwafundishe watoto wetu kuiingia kwa elimu, kisha tutawakali kwa Allah (S.W.).

Wabillahi tawfiq.