Kuunda Himaya ya Kubuni: Somo kwa Kijana Mkristo Anayeandika Hadithi



Leo nawalenga zaidi ninyi mnaoandika. Ndiyo, wewe mwenye kaunta buku iliyojaa ramani ya nchi isiyokuwepo, na wewe unayeandika kwenye simu usiku habari za mfalme mwenye majoka na majeshi. Hapa Iguguno mko wengi kuliko wazazi wenu wanavyodhani. Na swali mnaloniuliza ni lile lile: "Frateri, ni dhambi kubuni ulimwengu wenye wafalme, majini na wachawi?"

Jibu fupi: hapana, kubuni si dhambi. Jibu refu ndilo somo lenyewe.

1. Biblia nayo ina ufalme wa kubuni

Fungua Waamuzi 9:7-15. Abimeleki amewaua ndugu zake ili atawale Shekemu. Yothamu, mdogo wao wa mwisho, ameponea chupuchupu. Anapanda mlima Gerizimu na, badala ya kutoa hotuba, anasimulia hadithi. Miti inatafuta mfalme. Mzeituni unakataa, hautaki kuacha mafuta yake. Mtini hautaki kuacha utamu wake. Mzabibu hautaki kuacha divai yake. Mwisho wanauendea mti wa miiba, nao unakubali bila kusita, tena unawaalika wenzake wapumzike kivulini mwake. Sisi watu wa Singida miiba tunaijua. Nani kati yenu amewahi kujilaza chini ya kichaka cha miiba akapata usingizi?

Miti haiongei, kila mtu anajua. Lakini kila aliyesikia alielewa anasemwa nani. Ndiyo kazi ya ulimwengu wa kubuni: unakupeleka mbali ili ukirudi uione vizuri nyumba yako.

Papa Yohane Paulo II, katika barua yake kwa wasanii ya mwaka 1999, alitofautisha Muumba na msanii. Muumba huleta kitu pasipo kitu chochote. Msanii huchukua kilichopo na kukipa sura. Kwa hiyo himaya yako, hata ukiiweka juu ya mawingu, umeijenga kwa malighafi uliyonayo: kijiji chako, njaa uliyoiona, watu waliokupenda na waliokuumiza. Shika hilo, tutalirudia.

2. Himaya yako inakula nini?

Waandishi wengi vijana huanza na jina la mfalme, bendera na upanga. Mimi nakushauri uanze na kisima. Himaya ni watu wengi wanaokula kila siku. Kama nchi yako ni kavu kama kwetu, ambako mvua ni za msimu mmoja na mtama ndiyo tegemeo, jiulize: maji yako wapi? Nani anayalinda? Chumvi inatoka wapi? Mzigo unapita njia ipi, na nani anatoza ushuru njiani? Ukijibu haya manne, utashangaa jinsi hadithi inavyoanza kutembea yenyewe. Anayeshika kisima ndiye mtawala, hata kama hajavaa taji.

Historia yetu inathibitisha. Magharibi mwa hapa, Unyamwezini, Mtemi Mirambo alijenga himaya kubwa katika karne ya 19. Nguvu yake haikuwa mikuki ya rugaruga peke yake. Aliijua njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, akajua kwamba anayeishika njia ile anashika pembe za ndovu, bunduki na nguo. Alipofariki mwaka 1884, himaya ilidhoofika na kumeguka, maana ilikuwa imeegemea mno juu ya mtu mmoja. Mwandishi, hapo kuna swali la kujiuliza: mfalme wako akifa kesho, nini kinabaki?

Halafu soma 1 Samweli 8. Waisraeli wanataka mfalme kama mataifa mengine. Samweli hawabishii kwa nadharia, anawapa orodha ya gharama: atachukua vijana wenu kwa ajili ya magari yake ya vita, atachukua binti zenu wampikie, atachukua mashamba yaliyo mazuri, atachukua sehemu ya kumi ya nafaka na mifugo. Yaani Samweli anasoma bajeti ya himaya kabla haijaanza. Wewe nawe uisome. Ukiandika ikulu ya dhahabu, mwoneshe msomaji na yule aliyeichimba dhahabu.

Mtakatifu Augustino aliandika kitabu chake kikubwa kuhusu Mji wa Mungu baada ya Roma kuvamiwa mwaka 410. Humo anasimulia habari ya haramia mmoja aliyekamatwa na kupelekwa mbele ya Aleksanda Mkuu. Alipoulizwa kwa nini anasumbua bahari, alijibu kwamba yeye anafanya kile kile anachofanya Aleksanda, ila ana chombo kimoja kidogo ndiyo maana anaitwa mwizi, na Aleksanda ana meli nyingi ndiyo maana anaitwa mfalme. Fundisho la Augustino ni kwamba ukiondoa haki, ufalme haubaki na tofauti na genge kubwa la wanyang'anyi. Anaongeza kwamba jamii ya watu hutambulikana kwa kile inachokipenda. Hiki ndicho kipimo cha himaya yako. Usiniambie tu ina askari wangapi. Niambie inapenda nini kuliko vyote.

Na usisahau wanaoikataa. Hapa Singida tunasimuliwa habari za Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyepambana na Wajerumani kwa kutumia nyuki. Uwanja wa mpira wa Singida mjini unaitwa kwa jina lake. Himaya isiyo na Liti wake bado haijakamilika.

3. Mhusika si kibaraka

Mwalimu wetu mkubwa hapa ni Shaaban Robert. Alikuwa Mwislamu, na Mkatoliki hana sababu ya kuona haya kujifunza kwake. Mwaka 1951 alitoa Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani. Waziri anaitwa Majivuno. Mshtakiwa anaitwa Karama, na kosa lake ni kufundisha watu elimu ya sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote kutafuta mema kwa ajili ya nchi, wakarudi na faida, wakatupwa gerezani. Kitabu kilitoka wakati wa ukoloni, na wasomaji wengi wameiona Tanganyika ndani yake. Nchi ya angani, lakini dhuluma ya ardhini.

Majina hayo yanataja tabia. Ukiishia hapo, wahusika wako watakuwa sanamu: Majivuno anajivuna, basi. Angalia Shaaban Robert mwenyewe alivyokwenda mbali zaidi katika Adili na Nduguze. Ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wamegeuzwa manyani kwa uovu wao, na Adili ameamriwa awachape kila usiku. Anawachapa, lakini moyo wake unawahurumia. Hasidi ni hasidi kweli, ila ni ndugu wa mtu.

Hapa nitoe mfano wa karibu. Kijana mmoja ameniruhusu niuseme, na nimebadilisha baadhi ya mambo ili asitambulike. Baba yake alifariki, na baba yake mdogo akauza shamba la alizeti ambalo lingelipa ada. Shule ikaishia hapo. Kijana akaanza kuandika hadithi ya mwana wa mfalme aliyenyang'anywa kiti na mdogo wa baba yake, anayerudi na jeshi. Sura ya nne, yule mnyang'anyi anafungwa kamba na kuuawa taratibu, kurasa nane nzima. Kijana anaandika vizuri, niseme ukweli. Nikamuuliza swali moja tu: "Huyu baba mdogo, kabla hajawa mbaya, alikuwa nani?"

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Alinifundisha kuendesha baiskeli."

Nikamwambia aliandike hilo. Akanitazama: "Frateri, nikiliandika hilo sitaweza kumuua."

Naomba tuelewane. Sikumwambia kwamba shamba si lake, wala kwamba Mkristo hadai. Madai ya shamba yana mahali pake, na haki ni haki. Kusamehe si kukubali kuibiwa. Nilichomwambia ni kwamba kurasa zile nane hazimrudishii hata ekari moja, na kila usiku zinampa baba yake mdogo chumba cha kulala ndani ya kichwa chake. Mungu alituumba huru, hata uhuru wa kumkosea. Mwandishi anayemnyima mhusika wake uhuru wa kutubu hajaiga kazi ya Mungu. Ameiga kazi ya mnyongaji.

4. Kipimo cha Mtakatifu Inyasi

Mwaka 1521 askari mmoja alivunjwa mguu na mzinga pale Pamplona. Huyo ndiye Inyasi wa Loyola. Akiwa kitandani aliomba vitabu vya mashujaa wa vita, havikupatikana. Akaletewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Basi akawa na ndoto mbili za mchana. Katika moja alijiona shujaa akimtumikia mwanamke mtukufu. Katika nyingine alijiona akimfuata Kristo kama Mtakatifu Fransisko na Mtakatifu Dominiko. Zote zilikuwa tamu wakati anaziota. Tofauti ilikuja baadaye: ya kwanza ilimwacha mkavu, ya pili ilimwacha na furaha. Hapo ndipo alipoanza kujifunza kupambanua roho.

Kwa hiyo sikukatazi majoka wala majini. Nakuomba tu, ukifunga daftari, usizime taa haraka. Jiulize umebaki na nini: amani au ukavu? Umewapenda watu wa nyumbani zaidi, au umewachoka zaidi?

Zoezi la wiki

a) Andika ukurasa mmoja kuhusu siku ya kawaida ya mtu wa chini kabisa katika himaya yako. Anakula nini, anamlipa nani, anamwogopa nani?

b) Mchukue adui mkubwa wa hadithi yako. Andika jambo moja jema alilowahi kumfanyia mtu, na lisiwe la uongo.

c) Soma Yohane 13:1-15. Mfalme wetu ameshika beseni na taulo. Je, katika himaya yako yupo mtawala anayeweza kuinama hivyo? Kama hayupo, kwa nini?

Sala

Ee Bwana Yesu, Mfalme usiyemnyang'anya mtu shamba wala mwana, tunakukabidhi mawazo yetu na kalamu zetu. Tulipojenga falme za kulipiza kisasi, utufundishe haki isiyo na chuki. Waliotuumiza uwape nafasi ya kugeuka, na sisi utupe moyo wa kuitamani nafasi hiyo. Unayeishi na kutawala, daima na milele. Amina.