Somo: Tufunge Mtumbwi Kabla ya Upepo

Tusome: Danieli 6:1-10, 1 Samweli 17:32-37, Waebrania 10:23-25.



Sisi wa Nyangwe tunaujua mto wetu Lualaba. Mgenya mwenye akili hangoji mawimbi ndipo atafute kamba. Anafunga mtumbwi wake jioni, maji yakiwa yametulia. Imani nayo ni vile vile. Wengi wetu tunaanza kutafuta kumtumaini Mungu usiku ule mtoto anapochomwa na homa, au siku ile habari ya vita inapofika. Saa hiyo kamba haipatikani upesi.

Mtazameni Danieli. Aliposikia amri ya mfalme, hakuanza sala mpya. Aliendelea na ile ile, mara tatu kwa siku, kama alivyozoea. Mazoea ya siku za amani ndiyo yaliyomshika siku ya simba.

Hapa Kongo tunao mfano wa Papa Simon Kimbangu. Alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule akakamatwa, na tarehe 3 Oktoba akahukumiwa kufa. Mfalme wa Ubelgiji akaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka alipofariki gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Hesabuni vizuri: miezi isiyofika sita ya kuhubiri, miaka 30 ya kifungo.

Waaminio walitawanywa mbali na kwao. Wengine walifikishwa mpaka Lowa, kando ya mto huu huu wetu, mbele ya Kindu. Kanisa lilikubaliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959. Ni miaka 38! Walishikwa na nini wakati huo wote? Miujiza ya Nkamba ilikuwa mbali nyuma yao. Walibaki na sala, nyimbo na kusaidiana, mara nyingi kwa siri. Mambo madogo ya kila siku ndiyo yaliyobeba imani kubwa.

Basi tunapashwa kufanya nini?

1. Tusali saa ile ile. Kabla ya kwenda shamba la mpunga au sokoni, tupige magoti pamoja na watu wa nyumba yetu. Maneno machache yatosha. Anayesema na Mungu kila asubuhi hatamwona mgeni siku ya taabu.

2. Tuhesabu matendo ya Mungu. Daudi, kabla ya kumwendea Goliati, alikumbuka simba na dubu. Jioni ya Siku ya Mungu, wazazi wawasimulie watoto jinsi walivyopita katika vita vya 1996 na 1998, na nani aliwapa muhogo walipokuwa na njaa. Mtoto asiyejua Mungu aliwatendea nini wazazi wake anaanza imani mikono mitupu.

3. Tusikae peke yetu. Kaa la moto likitolewa kwenye mafiga, huzimika. Ndugu asipoonekana kanisani Siku za Mungu mbili, tumwendee nyumbani, si kwa kumgombeza, bali kwa kumwuliza hali na kusali naye.

4. Tusiwe na milango miwili. Papa Kimbangu aliwaambia watu waache hirizi zao. Lakini sisi, mchana tunaimba kanisani, na usiku mtoto akizidiwa, mtu anatunong'oneza: "Twendeni kwa mfumu." Mfumu anaonyesha kidole kwa nyanya mzee, au kwa shangazi asiye na mtoto. Mtoto hajapona, na sasa jamaa imevunjika. Tumeona machozi ya namna hiyo. Kumtumaini Mungu hakutukatazi hospitali. Dawa ya malaria ni zawadi yake. Tumpeleke mtoto mapema, tukisali njiani. Baba na mama wakubaliane sasa, mtoto akiwa mzima, ni mlango gani watakaobisha. Usiku wa homa si wakati wa kuanza shauri hilo.

Na mtoto asipopona? Wapendwa, tusidanganyane. Kumtumaini Mungu si kununua jibu. Papa Kimbangu hakutoka gerezani akiwa hai, wala hakuona siku ile ya 1959. Hata hivyo tumaini lake halikupotea bure. Kwa hiyo tusimwambie kamwe mama aliyefiwa kwamba imani yake ilikuwa haba. Tukae naye chini, tulie naye, tumteke maji, tumpikie.

Maswali ya kujifunza nyumbani:
a) Danieli alifanya nini kabla ya amri ya mfalme, na nini baadaye?
b) Ni tendo gani la Mungu ambalo watoto wetu hawajalisikia bado?
c) Nani hakuonekana kati yetu, na nani atamwendea juma hili?

Maji yangali yametulia. Tufunge mtumbwi leo. Bwana awabariki. Amina.